Nilipokuwa Nikiamka Saa Tisa Usiku

Kwa miezi minne niliamini kwamba ugonjwa wangu ulikuwa kukosa usingizi tu. Nililala saa nne bila shida, lakini ilipokaribia saa tisa usiku nilishtuka, na tangu hapo hadi adhana ya alfajiri nilibaki nikihesabu makosa yangu ya miaka yote, kuanzia mkopo wa SACCOS niliochelewa kuurejesha hadi maneno niliyomjibu marehemu baba nikiwa kidato cha pili. Asubuhi ndipo nilipokuwa mzito kuliko wakati wote. Jioni nilichangamka kidogo, nikajidanganya kwamba nimepona.

Asiyelala hushauriwa na kila mtu. Niliambiwa ninywe maziwa ya moto, na niache mawazo, kana kwamba nilikuwa nimeyaalika. Duka moja la dawa liliniuzia daizepamu, dawa ya kutuliza na kuleta usingizi, bila cheti cha daktari. Nililala vizuri kwa wiki mbili, kisha kidonge kimoja kikawa hakitoshi, na darasani nikawa nafundisha huku nimesinzia. Mwili huzizoea upesi dawa za namna hiyo, na aliyezitumia kwa muda mrefu akiziacha ghafla anaweza hata kupata degedege, kwa hiyo azipunguze chini ya uangalizi wa daktari.

Daktari niliyemwendea hatimaye hakuanza na usingizi. Aliniuliza ni lini mara ya mwisho nilifurahia jambo lolote, nami nikakosa jibu. Mpira nilikuwa nimeacha kuutazama, chakula hakikuwa na ladha, na hali hiyo ilikuwa imepita mbali zile wiki mbili mfululizo ambazo madaktari huzitumia kama kipimo. Akasema ni sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoondoka, na kwamba kuamka mapema mno pamoja na uzito wa asubuhi ni dalili zake zinazojulikana tangu zamani.

Hapo nikakosea kwa upande wa pili: nikadhani kwamba sonona ikitibiwa, usingizi utarudi wenyewe. Nilianza dawa, ambayo huchukua wiki kadhaa kabla ya kuleta nafuu, na moyo ukaanza kutulia, lakini saa tisa niliendelea kuwa macho. Ukweli ni kwamba mambo haya mawili hulishana. Mtu anayekosa usingizi kwa muda mrefu, hata kama hana sonona, yumo katika hatari ya kuipata takribani mara mbili ya anayelala vyema. Na aliyepata nafuu huku usingizi ukiwa bado umevurugika hurudiwa kwa urahisi zaidi. Ndiyo maana nasisitiza kwamba usingizi utibiwe kwa nafsi yake.

Kilichonisaidia ni utaratibu ambao mwanasaikolojia Richard Bootzin aliueleza mwaka 1972: kitanda kisitumike kwa kuwazia, usingizi ukigoma utoke kitandani na urudi pale tu unaposinzia, na uamke saa ileile kila siku hata kama usiku ulikuwa mbaya. Katika nyumba ya vyumba viwili si rahisi kupata pa kwenda saa hiyo, hivyo nilikaa jikoni kwenye kigoda nikichambua choroko. Mke wangu alinikuta huko usiku wa kwanza akauliza, "Baba watoto, kuna msiba?" Wiki ya kwanza nilichoka kuliko awali, na nusura niache, lakini katika wiki ya tatu nililala hadi saa kumi na nusu. Mwenye historia ya vipindi vya msisimko uliopitiliza asijaribu njia hii bila daktari wake, kwa sababu kupungukiwa usingizi kunaweza kumwamshia maradhi.

Tena, ikiwa saa hiyo ya usiku inakuletea fikra za kufa, usisubiri kuche: mwamshe mtu aliye karibu, mwende hospitali.

Mimi bado huamka mara mojamoja. Nikiamka siku tatu mfululizo, siku ya nne naomba ruhusa kwa mwalimu mkuu na kwenda kliniki.