Nyumba ya vyumba sita Kimara: hesabu ya dalali na hesabu yako

SWALI: Habari za kazi. Nauziwa nyumba ya vyumba sita Kimara, Dar es Salaam, kwa shilingi milioni 60. Kila chumba kinalipiwa 70,000 kwa mwezi, choo ni cha kuchangia, LUKU moja. Dalali anasema hela yangu itarudi ndani ya miaka 12. Ninunue?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Dalali amezidisha 70,000 kwa vyumba sita kwa miezi 12, akapata 5,040,000. Yuko sahihi, iwapo hahami mtu, paa halivuji na shimo la choo halijai.

Tupunguze basi. Kila chumba kikikaa tupu mwezi mmoja na nusu kwa mwaka, 630,000 zimekwenda, zimebaki 4,410,000. Matengenezo na gari la kunyonya maji taka, tenga 600,000. Kodi ya mapato ya pango, asilimia 10 ya ulichopokea, ni 441,000. Kodi ya jengo hukatwa kwenye LUKU, 1,500 kwa mwezi, yaani 18,000. Mkononi unabaki na 3,351,000, asilimia 5.6 ya bei. Ile miaka 12 imekuwa karibu 18, na gharama za kuhamisha umiliki bado. Linganisha na riba ya hati fungani za Serikali, yaani kuikopesha Serikali hela yako. Zenyewe hazina shimo la choo.

Mwezi mmoja na nusu ni makadirio yangu. Ya mtaa huo kayapime mwenyewe: nenda saa mbili usiku siku ya kazi, uone vyumba vingapi vya nyumba za jirani vina taa. Muulize mangi wa dukani na vijana wa bodaboda, chumba cha mwisho kilikaa siku ngapi bila mtu. Kisha zungumza na wapangaji wenyewe, mmoja mmoja: analipa ngapi, kahamia lini. Ukikuta wote wamehamia mwezi huohuo, shtuka. Wapo wauzaji wanaojaza vyumba ndugu zao hadi nyumba iuzike.

Kimara ina mwendokasi tangu 2016, na hilo ndilo linaloleta wapangaji wa Kariakoo na Posta. Lakini tembea kwa miguu kutoka kituoni hadi mlangoni. Ikizidi dakika 15, mpangaji atapanda boda: 1,000 kwenda, 1,000 kurudi, siku 26, ni 52,000. Hela hiyo atataka uipunguze kwenye kodi ya chumba.

Choo cha kuchangia ndicho kinachonitia shaka zaidi. Siku hizi watu wanauliza "ni masta?", yaani chumba chenye choo chake ndani, kabla ya bei. Na LUKU moja, mwenye friji na mwenye taa tu wanachanga sawa. Hapo ugomvi hauishi. Funga submita, mita ndogo ya umeme kwa kila chumba, kabla ya kupaka rangi.

Usisahau futi kamba. Mwaka 2017 nyumba nyingi kati ya Kimara na Kiluvya zilibomolewa kwa kuwa ndani ya hifadhi ya Barabara ya Morogoro, mita 121.5 kutoka katikati. Omba upekuzi rasmi kwa Msajili wa Hati, uone nyumba imesajiliwa kwa jina la nani. Muhuri wa mwenyekiti wa mtaa hauthibitishi umiliki. Muuzaji akiwa na ndoa, dai ridhaa ya mwenza kwa maandishi.

Kwa milioni 60, hapana. Kwa 45, mapato hayohayo ni asilimia 7.4, nawe unabaki na 15 za kuanzia vyoo na submita. Patana kutoka hapo.