Wasomaji Wanauliza: Mary alifuata mapenzi au alijipeleka mwenyewe?

Haya jamani, mimi senga wenu, yaani shangazi wa kutoa ushauri, meseji zimekuja mpaka nimeshindwa kuzijibu zote, zingine ndefu kuliko kitabu chenyewe. Toleo lililopita tuliwaomba msome Jamaica Inn ya Daphne du Maurier, riwaya ya mwaka 1936, alafu mseme mnaionaje, na kumbe mlikuwa mnasubiri tu kuulizwa.

Kwa ambaye hajaisoma, kifupi. Ni Uingereza, kona ya Cornwall, mwanzoni mwa miaka ya 1800. Mary Yellan ana miaka 23, mama yake amefariki, anaenda kukaa kwa mama mdogo wake Patience kwenye gesti ya barabarani katikati ya nyika ya Bodmin, kufika anakuta gesti yenyewe haipokei wageni, mwenye gesti ambaye ndio mume wa Patience, Joss Merlyn, ni jitu la miraba minne na mlevi, na usiku mikokoteni inakuja kushusha mizigo ambayo hakuna mtu anataka kusema imetoka wapi. Alafu anatokea Jem, mdogo wake Joss, mwizi wa farasi, mdomo mtamu, na hapo moyo wa Mary unaanza kumletea shida. Onyo: huku chini nasema kila kitu, muuaji ni nani na nani anaondoka na nani. Kama bado uko katikati funga gazeti, utarudi.

"Senga habari. Mimi huyu Mary ameniudhi sana. Msichana amepambana kitabu kizima, ameona mama mdogo wake alivyoharibiwa na mwanaume wa ukoo huo huo, familia ya Squire Bassat, yule bwana mwenye ardhi, imempa kazi na pa kulala, na mpango wake mwenyewe wa kurudi kwao Helford kulima anao, alafu kurasa za mwisho anakutana na Jem na mkokoteni wake barabarani anapanda eti twende. Twende wapi? Mapenzi ni upofu kiasi hicho?" (Msomaji, Mbale)

Nyabo, karibu kila mtu ameuliza hili, wengine kwa matusi ambayo mhariri hataki niyachapishe. Hasira yako naielewa ila kwa upofu sikubali. Hebu rudi usome wanavyoongea. Jem mwenyewe ndiye anamwambia kwamba wanaume wa kina Merlyn hawajawahi kuwa wema kwa wake zao, kwamba baba yao alikuwa anampiga mama yao mpaka hawezi kusimama na yule mama hakuondoka, na mzee aliponyongwa kule Exeter mama alikaa miezi mitatu hasemi na mtu. Sasa mwanaume anakutongoza huku anakusomea kesi za ukoo wake, utasema hukujua? Na Mary anaangalia mikono ya Jem anaiona ni mikono ya Joss, anaona kabisa. Anajua kila kitu. Naona wengi wenu mngependa asijue, ndio iwe rahisi kumsamehe.

Mimi kinachonitisha kwenye kitabu hiki sio maiti wala bahari, ni Patience. Mary anamkumbuka mama mdogo aliyekuwa mrembo, nywele zimetengenezwa, nguo za hariri, anacheka, alafu mlango unafunguka anatoka mwanamke aliyechakaa, mdomo unatetemeka, macho yanakwepa, anashtuka hata Joss akiita maji ya kunywa, na bado anamtetea. Kwa nini Mary hatoroki siku ya pili? Kwa sababu ya huyo. Angekuwa peke yake angekuwa ameshafika Helford kabla ya sura ya tano. Kwa hiyo wakati anapanda ule mkokoteni Patience ameshauawa, wa kumlinda hayupo tena, na kwa mara ya kwanza anachagua kitu kwa ajili yake mwenyewe tu. Anachagua vibaya? Inawezekana kabisa! Riwaya nyingi za aina hii zinafunga siri na ndoa kwa pamoja, muuaji anakamatwa, bwana anakuwa mwema, tunaenda kulala. Hii inafunga kesi ya mauaji inamwacha Jem wazi, hatujui kama baada ya miaka kumi atakuwa Jem au atakuwa Joss, na Mary naye hajui, na hata hivo anavuka naye mto Tamar. Wasiwasi wa kitabu unaendelea baada ya karatasi kwisha, na kwangu huo ndio ufundi wake mkubwa.

Ila kama ningekuwa kweli senga wake, ningemwambia kaa kwa Bassat mwaka mmoja kwanza. Hakuna kwanjula, ile sherehe ya kumtambulisha mchumba nyumbani, hakuna wazee waliokaa chini kumuuliza kijana wewe ni mtoto wa nani, ingawa kwa huyu jibu lingewakimbiza wote.

"Nilikuwa kijana mwaka 1977 wakati wa kahawa. Tulibeba magunia usiku tukavuka mto kwenda Chepkube upande wa Kenya, wadogo zangu walisoma kwa hiyo kahawa. Hatukumuua mtu, waliokufa ni sisi kwa risasi za askari. Mbona huyu mama mwandishi anachukua watu wa magendo anawafanya wauaji?" (Mzee wa Lwakhakha)

Mzee wangu, heshima yako, na asante, hii barua tumeisoma ofisini kwa sauti. Kwa vijana ambao hawakuwepo: baridi kali iliunguza mibuni ya Brazil Julai 1975, bei ya kahawa duniani ikapaa, huku kwetu Uganda chini ya Amin mkulima analipwa shilingi ambayo dukani hainunui kitu kwa sababu dukani hamna kitu, ng'ambo ya mto kuna pesa inayoeleweka, sasa ulitegemea watu wafanye nini. Cornwall ilikuwa hivo hivo. Brandi, tumbaku, chai, vyote vilikuwa na kodi ya kuvunja mgongo, chai peke yake kodi yake ilikuwa imepita asilimia 100 mpaka serikali ikaishusha kuwa 12.5 mwaka 1784, na pwani nzima ilikuwa inajua mzigo unaposhukia, wengi wakinunua bila kuuliza risiti.

Sasa angalia mwandishi anavyocheza, naona kama anakubaliana na wewe. Mary akigundua magendo anaogopa, ndio, lakini anaanza kuzoea, anajiambia ni wizi wa kodi tu hakuna aliyeumia, na sisi wasomaji tunazoea naye. Alafu Joss analewa siku kadhaa, ulimi unalegea, anamwambia ukweli: magendo ni sehemu ndogo, kazi yenyewe ni kuweka taa ya uongo ufukweni meli ijue ni bandari, ipasuke kwenye miamba, na wanaofika nchi kavu wakiwa hai wanamaliziwa kwa mawe. Pale anapomtaja mwanamke aliyekuwa ameshika mtoto mimi niliweka kitabu chini nikaenda kupika. Kwa hiyo magendo hapa yamewekwa mbele ili yafiche kitu kibaya zaidi, na Mary mwenyewe anatofautisha.

Ungetaka kumbana du Maurier mbane kwenye hizo taa. Sheria ya kunyonga mtu kwa taa ya uongo ilikuwepo, ya mwaka 1753, lakini wanahistoria wengi wanaona ushahidi wa watu kuvuta meli makusudi ni mdogo sana, kilichokuwa kinatokea zaidi ni dhoruba inavunja meli alafu kijiji kizima kinashuka na magunia kuokota. Kuokota sio kuua. Watu wa Cornwall wangekuwa na sababu ya kulalamika kama wewe.

"Sisi huku Arua tumempenda Jem basi. Anatukumbusha Opec boys waliokuwa wanauza petroli ya magendo na jerikeni zao barabarani, maneno mengi, wateja wanacheka wanalipa." (Vijana watatu, Arua)

Hahaa, na mimi nimempenda, senga hatakiwi kusema. Kile kipande cha soko la Launceston mkesha wa Krismasi, Jem anamuuzia mke wa Squire farasi ambaye alimwiba kwa Squire huyo huyo, na mama wa watu anafurahi amepata farasi wa kufanana na yule aliyepotea! Banange. Lakini mmeona kimewekwa wapi? Usiku huo huo ndio Mary anaburutwa mpaka pwani kuona meli inavunjwa kwa macho yake. Du Maurier anakuacha ucheke mpaka umelegea ndio anakupiga.

"Muuaji wa Joss na Patience nilimjua mapema sana. Mchungaji wa Altarnun, Francis Davey, nywele nyeupe macho meupe sauti ya pole, kila akitokea tunaambiwa tena jinsi alivyo mweupe. Hiyo ni suspensi au ni kuonyeshwa kidole? Na mimi nina dada mwenye ualbino, sikujisikia vizuri." (Mwanafunzi, Makerere)

Hili ndilo swali gumu kuliko yote, na sitalizunguka. Upande wa ufundi, kuna dalili ambazo ni za haki: mtu aliyejificha juu kwenye chumba tupu usiku ule wa mizigo, ile kamba inayoning'inia, Joss mwenyewe kuonekana kama mtu mwenye bosi, na bosi kumbe ni huyo Davey, yule mchoro ambao Mary anaukuta kwenye deski, waumini wana vichwa vya kondoo na mhubiri kwenye mimbari ana sura ya mbwa mwitu, na mwisho ule msumari wa kiatu cha farasi ambao Jem anaufuatilia mpaka kwa mhunzi. Hizo zingetosha. Hata bila rangi ya ngozi ungemtilia mashaka kwa sababu ndio mtu pekee anayesikiliza sana na hasemi kitu, na kwa upande mwingine Jem anawekwa kila mahali pabaya ili macho yako yaende kwake.

Lakini kutumia ualbino kama alama kwamba huyu mtu sio wa kawaida, kama vile maumbile yamekosea ndio maana na roho imekosea, hapana. Ni ubaya wa kitabu na hauondoki kwa kusema ni cha 1936. Sisi tunaishi ukanda ambao watu wenye ualbino wamewindwa na kukatwa viungo kwa imani za kijinga, tunajua hadithi za hivo zinaishia wapi. Nakipenda kitabu na hapo nakikataa, vyote viwili kwa pamoja. Dada yako akitaka kukisoma mwambie mapema, asikutane nacho ghafla.

"Mvua, ukungu, upepo, mvua tena. Niliruka kurasa nyingi. Nimekosea?" (Dereva wa taksi, Jinja)

Ruka tu, nani atakukamata. Ila ule ukungu sio mapambo. Gesti yenyewe ipo kweli, kijijini Bolventor, ilijengwa 1750, na mwaka 1930 du Maurier alifika pale na rafiki yake, wakatoka na farasi wakapotea nyikani kabisa. Kwa hiyo Davey anapomburuta Mary kwenye ukungu mwishoni kuelekea mlima Roughtor, anayeandika ni mtu aliyewahi kutafuta njia humo asiione. Kurasa hizo za mwisho angalau usiruke.

"Filamu ipo? Nisome au niangalie?" (Bila jina, Kampala)

Ipo ya Hitchcock ya 1939, ila mchungaji wameondoa wakaweka hakimu tajiri ndio bosi, kwa hiyo ukiangalia kwanza utabishana na wenzako bure. Ipo pia ya BBC ya 2014, ambayo watazamaji Uingereza walilalamika kwa wingi kwamba waigizaji wanaongea kwa kumung'unya hawasikiki. Soma.

"Senga, binti yangu yuko Senior 3, ameiona kwa rafiki yake anaitaka. Nimruhusu? Na mimi nitapata wapi yangu?" (Mama, Bwera)

Mruhusu. Vitu vya chumbani hakuna, wanaishia kubusu. Damu ipo, na lile ungamo la Joss ni zito, kwa hiyo wewe soma kwanza au someni pamoja ili akifika pale awe na mtu wa kumuuliza. Kama Kiingereza chake bado kinamsumbua kuna toleo lililofupishwa kwa wanaojifunza, aanze nalo. La kwako tafuta kwa wauza vitabu vya mitumba utakapofika mjini, ni kitabu cha zamani kinapatikana, ila kabla hujatoa pesa fungua mwisho uhakikishe kurasa zote zipo, maana wauzaji wengine hawana aibu na ukikosa zile nne za mwisho hutajua hata huu ugomvi wa Mbale unahusu nini.