Madogo, picha haipiti mlango mmoja

Jana nimepitia kodi (code) ya programu ya dogo mmoja hapa ofisini nikacheka, halafu nikanyamaza maana nilijiona mwenyewe. Tebo ya posti za app yetu ina kolamu ya picha, ya video, ya sauti, ya kura, na kila rekodi imejaza moja tu, zingine tupu. Haya, sogeeni.

1. Tebo ya posti ibaki na vya pamoja: nani, lini, aina gani. Kila aina ipewe tebo yake pembeni. Basi.

2. Msiamini .jpg ya mtumiaji. Someni baiti za mwanzo, JPEG huanza na FF D8 FF. Na SVG, aina ya picha inayoandikwa kwa maandishi, inabeba skripti (programu ndogo), shauri yenu.

3. Hapa ndo nilipoungulia. Picha zetu zilikuwa zinapunguzwa saizi na EXIF (taarifa ambazo simu huficha ndani ya picha) inafutwa, nikajisifu kweli. Bosi akataka watu waweze kuambatisha PDF, nikaongeza aina mpya, "faili", Ijumaa jioni, inapokea chochote na kukitunza kilivyo. Watu wakagundua picha ukiipandisha kama faili haichuji, wakahamia huko. Miezi miwili baadaye ananipigia dada mmoja anayeoka keki kwake, sauti inatetemeka, kaka kuna mtu kaja getini saa tatu usiku anasema kaniona kwenye app, na mimi sijawahi kuandika ninapokaa. Nikadaunlodi picha ya keki yake, nikafungua EXIF, latitudo na longitudo hizo hapo. Nikabandika kwenye ramani, pini ikatua juu ya bati lake.

Sikulala. Nikaandika skripti ya kufuta EXIF kwenye mafaili yote ya zamani, na kwa haraka zangu ikafuta mpaka alama ya mwelekeo kabla picha hazijazungushwa, asubuhi bibi harusi wa watu wamelala ubavu na simu haziishi kuita. Yule dada alisema tu asante kaka, akafuta akaunti.

4. iPhone zinapiga picha za HEIC, aina ya faili la picha, tangu iOS 11 ya 2017, Chrome haifungui, badilisheni kwenye seva.

5. Voisinoti ya Chrome inatoka WebM (aina ya faili la sauti na video), ijaribuni kwenye iPhone ya zamani kabla hamjasema imeisha.

Na wewe uliyeongeza aina ya "mengineyo" jana bila kuniambia, njoo mezani kwangu na laptopu. Chai utakunywa baadaye.