Kupandisha ghorofa Bagamoyo: kibali cha zamani hakitoshi

Kama ulijenga nyumba ya chini kwa kibali na sasa unataka kuipandisha ghorofa, kibali kile hakitoshi: kilihusu nyumba ya chini tu. Ukiongeza ghorofa, unaomba kibali kipya halmashauri: nakala ya hati au ofa, risiti ya kodi ya pango la ardhi, michoro ya msanifu na michoro ya mhandisi. Ramani ya fundi haipiti, maana kwa ghorofa wanataka michoro yenye muhuri wa mhandisi aliyesajiliwa.

Panapokwama wengi ni msingi, si makaratasi. Kabla ya kulipia michoro, mhandisi achimbe pembeni mwa msingi aone upana na kina chake, na apime zege la nguzo kama zipo. Nyumba iliyojengwa kwa kuta za tofali za inchi sita bila nguzo wala mkanda wa zege haibebi slabu (sakafu ya zege ya ghorofa). Mara nyingi itabidi zisimamishwe nguzo mpya zenye misingi yake. Akague pia nondo: huku pwani mchanga wa baharini uliooshwa vibaya huziozesha ndani kwa ndani, na nje hutaona kitu mpaka zege lianze kupasuka.

Kama nyumba iko Mji Mkongwe wa Bagamoyo, Idara ya Mambo ya Kale nayo inahusika kwa Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964. Anza kwao kabla ya kuchora chochote, kwa sababu kubadili urefu wa jengo la kihistoria kunaweza kukataliwa moja kwa moja.

Usimwage hata ndoo ya zege kabla ya kibali: unaweza kusimamishwa, hata kuamriwa kubomoa.