Kipuri cha dambeli: tazama uzi na nati kabla ya mng'aro

Watu wengi hapa Mtwara wakienda kununua kipuri cha dambeli za kubadilisha uzito huuliza swali moja tu: mkono huu, yaani chuma cha katikati unachokishika, hautapinda? Mkono wa chuma kizima cha milimita 25, wenye kilo kumi kila upande, haupindi kwa kunyanyuliwa. Mzigo huo ni mdogo mno kwake. Kinachoumiza watu ni kushindwa kwa kile kinachozuia sahani za uzito zisichomoke: uzi (yale meno yaliyochongwa mwishoni mwa mkono), nati, kola ya ndani, au pini na meno ya plastiki kwa zile dambeli za kuzungusha namba ili kuchagua uzito. Hivyo ndivyo vya kukaguliwa dukani. Na kwa sisi wa pwani kuna swali la pili lenye uzito uleule, yaani kipuri hicho kitaishi muda gani kwenye hewa ya chumvi.

Nasimamia vyuma vya jimu ndogo Shangani, ambako upepo wa bahari unaingia ndani mchana kutwa. Ninayoyasema hapa yametokana na kubadilisha nati, kuchongesha mikono na kuagiza springi, mwaka baada ya mwaka.

Nianze na unene wa mkono, maana hapo ndipo watu hubana matumizi. Mafundi wengine hutengeneza mkono kwa nondo ya milimita 16. Inabeba, lakini uwezo wa chuma cha mviringo kustahimili kupinda hupanda kwa kipeo cha tatu cha kipenyo chake. Cha milimita 25 kina nguvu karibu mara nne ya cha 16, kama chuma ni cha aina moja. Tofauti hiyo haionekani ukiwa umeshika dambeli mkononi. Inaonekana ikidondoka. Dambeli ya kilo 20 ikianguka kutoka urefu wa mita moja na kusimama ndani ya sentimita moja, chuma hupata kishindo ambacho kwa wastani ni sawa na uzito wa karibu tani mbili. Ndiyo maana mkono wa bomba, lenye uwazi ndani na ukuta mwembamba, siukubali kabisa kwa dambeli nzito, hata ukipakwa kromu ukameremeta. Kwa mkono wa kuchongesha, mwombe fundi chuma cha shafti, kile cha mhimili wa mashine, badala ya nondo. Shafti ni ngumu zaidi na uzi wake hauliki haraka.

Sasa uzi wenyewe. Mikono miwili inaweza kuwa na kipenyo kimoja na nati zake zisiingiliane, kwa kuwa umbali kati ya jino na jino umetofautiana. Hatari kubwa ni pale zinapoingiliana kidogo. Nati inaingia mizunguko miwili, inakaza, unadhani imekaa. Haijakaa, imekwama, na inayashika meno kwa ncha tu. Nilipopeleka kazi ya kwanza kwa fundi wa kuchonga nilimuuliza, "Fundi, nikuletee nati au mkono?" Akanijibu, "Lete vyote, mdogo wangu. Uzi haupimwi kwa macho." Tangu hapo sijawahi kuagiza kimoja bila kingine kuwepo. Nati nzuri huingia kwa vidole kutoka mwanzo hadi mwisho, haichezi kushoto na kulia, na ikishafika kwenye sahani, nyuzi mbili tatu za mkono huchomoza nje. Kama uzi unaishia ndani ya nati, umeweka sahani nyingi kuliko mkono unavyoruhusu.

Nati zenyewe hazifanani kwa madini. Zile za umbo la nyota zinazokuja na seti za bei nafuu, baadhi yake ni za aloi ya zinki iliyomwagwa kwenye kalibu, kisha zikapakwa rangi ya fedha. Meno yake ni laini, mkono wa chuma huyala taratibu. Wengi hupima kwa sumaku. Ni kipimo kizuri lakini hakitoshi, kwa sababu chuma cha pua cha aina ya 304, ambacho ni imara, nacho kwa kawaida hakishiki sumaku au hushika kidogo tu. Mimi huongeza tupa: nakwaruza kidogo mahali pasipoonekana. Aloi ya zinki hulika kirahisi sana na ni nyepesi kuliko chuma cha ukubwa uleule.

Je, tukimbilie chuma cha pua kwa kila kitu kwa sababu ya bahari? Hapa naomba tuelewane vizuri. Chuma cha pua cha 316 kimeongezewa metali iitwayo molibdeni, na kinavumilia chumvi kuliko 304. Lakini nati ya chuma cha pua juu ya uzi wa chuma cha pua huweza kung'ang'aniana wakati wa kukaza, zikashikana kiasi kwamba utalazimika kukata. Na ukiweka nati ya chuma cha pua kwenye mkono wa chuma cha kawaida, chumvi na unyevu vikiingia katikati, mkono ndio utakaoliwa haraka zaidi. Kwa jimu ya kawaida hapa kwetu nachagua mkono na nati za chuma cha kawaida kigumu, halafu nautunza. Uzi ukilika, fundi wa hapa hapa Mtwara atachonga mwingine.

Kromu nayo isikupe usingizi. Ni ngozi nyembamba. Sahani zikiipasua, unyevu wa chumvi hupenya chini yake na kutu huenea kwa ndani, huku juu bado kunang'aa, mpaka siku ngozi inavimba na kubanduka. Jasho lina chumvi pia, kwa hiyo hata aliye mbali na bahari, Masasi au Nachingwea, hajasalimika. Baada ya mazoezi futa kwa kitambaa chenye maji kidogo yasiyo na chumvi, kausha, kisha pitisha mafuta mepesi kwenye uzi. Grisi nzito siipendi huku, inakamata mchanga, na mchanga ndani ya uzi ni msasa. Ila mafuta yasifike kwenye pete ya mpira iliyo ndani ya nati. Mpira huvimba na kuoza kwa mafuta, na pete hiyo ndiyo inayozuia nati isilegee unapoizungusha dambeli.

Kola ya ndani, ile inayozuia sahani isije kwenye vidole, iwe imechongwa pamoja na mkono au imechomelewa duara zima. Nukta mbili za weldi hazitoshi. Na kama chuma kimepakwa zinki, fundi aikwangue kwanza kabla ya kuchomelea, kwa sababu moshi wa zinki ni sumu kwa anayeuvuta.

Dambeli za kuzungusha namba zinahitaji tahadhari ya peke yake. Juni 2025 Tume ya Usalama wa Bidhaa za Walaji ya Marekani ilitangaza kurejeshwa kwa dambeli za chapa ya Bowflex za modeli 552 na 1090, takriban milioni 3.8, kwa kuwa sahani zinaweza kuchomoka wakati wa kutumia. Watu zaidi ya mia moja waliripotiwa kuumia. Ukiletewa zilizotumika, soma modeli kwanza. Hizo usizitafutie vipuri, usizinunue kabisa.

Kwa aina nyingine, springi mbadala inayosukuma pini lazima ilingane na ya zamani kwa unene wa waya. Waya wa milimita 1.2 badala ya 1.0 huifanya springi iwe ngumu karibu maradufu, na pini inaweza kukataa kusukumika au kuvunja plastiki yake. Vipande vilivyochapishwa kwa mashine za 3D kwa plastiki ya PLA vikatae: plastiki hiyo huanza kulainika karibu nyuzi joto 60, na gari lililofungwa juani hapa linaweza kufika hapo.

Kipuri kipya kikishafungwa, chora mstari mmoja wa rangi ya kucha kutoka kwenye nati hadi kwenye mkono. Anza na nusu ya uzito, ukiinua kidogo tu kutoka chini, juu ya godoro kuukuu, ukiinamisha na kutikisa. Mstari ukihama, nati inalegea. Mazoezi ya kuinua juu ya uso yasubiri mpaka mstari utulie siku kadhaa.

Na ukiagiza Kariakoo, tuma picha ya kipuri cha zamani kikiwa juu ya rula, pamoja na kipenyo cha tundu la sahani. Hicho cha zamani usikitupe hata kikiwa kimekatika. Fundi atakihitaji kuchukulia kipimo cha uzi endapo kilichotumwa kitakataa.