Wenyeji wangu wanataka kunifundisha skii, nami naogopa

SWALI: Shikamoo Mama. Mimi ni mwalimu wa sekondari, nina miaka 43, naishi Nkuhungu hapa Dodoma. Januari nakwenda Innsbruck, Austria, kwa mafunzo ya wiki sita. Wenyeji wangu wameniandikia kwamba kila Jumamosi watanipeleka mlimani kuteleza kwenye theluji kwa zile mbao za skii. Baiskeli yenyewe nilijifunza ukubwani, na ilinivunja mkono. Sitaki kuwakatalia watu wakarimu, lakini usingizi sipati. Wewe uliwahi kuishi kule. Nifanyeje?
Mwalimu, Nkuhungu

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nenda. Hofu hiyo naijua. Niliibeba mwenyewe nilipokuwa mwanafunzi katika mji huohuo, nikiwa na miaka 36.

Jumamosi yangu ya kwanza marafiki walinipandisha mlima Patscherkofel kwa gari la nyaya, wakanionyesha kukunja magoti, wakasema, "Tufuate." Walikuwa watu wema. Lakini walianza kuteleza wangali watoto wadogo, na hakuna hata mmoja aliyekumbuka mtu huanza kufundishwa nini. Mbao zilishika kasi, nikaanguka, nikainuka, nikaanguka tena. Mwishowe nilizivua, nikazitia begani, nikashuka kwa miguu huku nalia. Ndiyo maana nakusihi: usikubali kufundishwa na wenyeji wako. Lipia mwalimu wa skii, hata kwa siku mbili tu, katika kundi la watu wazima wanaoanza. Mtakaa chini kabisa, kwenye kiteremko kidogo chenye mkanda unaowarudisha juu mkiwa mmesimama, na hapo utafundishwa kusimama kabla ya kufundishwa kwenda.

Kusimama kwenyewe ni hivi: ncha za mbao zikaribiane mbele bila kupandana, visigino vitanuke, mithili ya paa la nyumba. Kingo za chuma zilizo chini ya mbao zinakwaruza theluji na mwendo unapungua. Ukikandamiza mguu wa kulia, unakata kushoto. Ukikandamiza wa kushoto, unakata kulia. Mimi nilikaa siku tatu kwenye kiteremko kilekile nikirudia hayo, na watoto wa miaka minne wakinipita. Siku ya nne nilikata kona ya kwanza niliyoikusudia. Furaha ile ninayo mpaka leo.

Sasa sikiliza hili, maana ndilo lililonichelewesha. Wewe umezoea kushuka kwenye changarawe za Mlimwa. Mtu akiteremka pale huegemea nyuma na kukita visigino, na ndivyo ilivyo salama. Kwenye skii, mwili ukiogopa utafanya vivyo hivyo bila kukuuliza, na hapo ndipo utapotea: uzito ukienda nyuma, sehemu ya mbele ya mbao inakuwa nyepesi, haikutii, nayo inakimbia. Goko lako liguse ulimi wa kiatu muda wote. Macho yatazame unakokwenda, siyo miguuni. Kila nilipohisi hofu inapanda, nilikuwa najisemea kwa sauti, "Mbele, mbele," mpaka mwili ukazoea.

Vifaa ukodishe, usinunue. Viatu vitakubana kuliko kiatu chochote ulichowahi kuvaa, na ndivyo inavyotakiwa, ila ukikunja magoti vidole viache kugusa mbele. Vaa soksi jozi moja tu. Kwa kuogopa baridi mimi nilivaa mbili, zikajikunja ndani na kunichubua. Fundi atakuuliza uzito na urefu wako. Mwambie ukweli, kwa sababu ndivyo anavyokaza vishikizo vinavyotakiwa kuachia kiatu ukianguka. Kofia ngumu ni lazima kwako, hata kama wenzako hawavai. Miwani pia: jua la pale linarudishwa na theluji, linaunguza macho na uso.

Ukiona unazidiwa, kaa chini kwa upande. Usikite mkono kwenye theluji, maana fimbo ya skii unayoshika ikiwa kiganjani dole gumba linaumia vibaya. Kabla ya kuinuka, zilaze mbao zikatize mteremko.

Ukiisha kupata kusimama na kukata kona, njia zina rangi: bluu ni rahisi, nyekundu ina mwinuko zaidi, nyeusi ni ya mabingwa. Wiki sita zote ubaki kwenye bluu. Na kama mteremko utakukataa kabisa, iko skii ya tambarare, ya kutembea na kusukuma kwa fimbo. Seefeld, karibu na Innsbruck, inajulikana kwa hiyo. Ndiyo aliyoshindania Philip Boit wa Kenya kwenye Olimpiki ya majira ya baridi kule Nagano, Japani, mwaka 1998. Alikuwa mkimbiaji kabla ya hapo, naye alimaliza wa mwisho katika kilomita 10, lakini bingwa Bjørn Dæhlie alimsubiri mwishoni akamkumbatia.

Anza leo kuimarisha mapaja: egemea ukuta kama uliyekaa kitini, nusu dakika, mara tano kila jioni. Kisha waandikie wenyeji wako kabla hujasafiri: "Jumamosi mbili za kwanza nitakuwa na mwalimu, tukutane saa ya chakula." Wataelewa.