Embe boribo zatoka Pemba safi, zafika Muscat na madoa meusi

Swali: Mimi ni mfanyabiashara wa matunda hapa Wete. Msimu uliopita nilipeleka embe boribo Muscat kwa njia ya bahari, katika kontena la baridi ya nyuzi 5. Niliziosha kwa maji ya klorini na ziliondoka zikiwa safi na ngumu. Zilipofika, baadhi zilikuwa na madoa meusi, nyengine zimeoza kuanzia kwenye kikonyo, na nyengine hazikuiva kabisa. Nipulize dawa gani kabla ya kufunga?

Jibu: Ndugu muulizaji, hayo ni matatizo matatu yenye asili tofauti, na hakuna dawa moja itakayoyamaliza wakati wa kufunga.

Madoa meusi yanayobonyea na kuungana kadiri embe inavyoiva kwa kawaida ni chule, ugonjwa wa kuvu aina ya Colletotrichum, nao ulianza shambani. Matone ya mvua huzirusha mbegu za kuvu huyo kutoka kwenye majani, vijiti vikavu na maua yaliyoungua, zikatua juu ya embe changa, zikajipenyeza katika ngozi na kutulia humo kwa muda mrefu, kwa kuwa tunda bichi lina kinga yake. Kinga hiyo inaposhuka tunda likianza kuiva, kuvu huendelea na kazi yake. Klorini huua vimelea vilivyomo majini na juu ya ganda tu. Endelea kuitumia, maana maji machafu hueneza ugonjwa kutoka tunda hadi tunda, lakini usiitarajie kutibu kilichokwisha kuingia.

Kinachofika ndani ya ngozi ni joto. Zichovye embe zilizokomaa katika maji ya nyuzi 52 kwa dakika 5, ikiwezekana siku ile ile ya kuchuma, kisha zipoe na kukauka. Maji yakoroge muda wote na uyapime kwa kipimajoto, kwa sababu nyuzi chache zikipungua kuvu hubaki hai, na zikizidi ganda huungua. Wapo wanaokisia joto kwa mkono. Hao ni bora wasichovye kabisa. Jaribu kwanza kwa embe chache, kwani aina za embe hutofautiana katika kustahamili joto.

Uozo wa kikonyo huletwa na kuvu wengine, wanaoishi katika matawi na kupita kwenye kikonyo au kwenye jeraha lake. Embe iliyoanguliwa kwa upembo ikagusa udongo, kisha ikasukumwa ndani ya pakacha, haifai kusafirishwa ng'ambo. Ikate kwa mkasi ukiacha kipande cha kikonyo, na utakapokipunguza, iinamishe embe ili utomvu udondoke bila kuunguza ganda.

Embe zilizogoma kuiva ziliumizwa na baridi. Nyuzi 5 ni chache mno kwa embe bichi. Ganda hufifia, nyama haiivi sawasawa, na tunda lililodhoofika hivyo huoza upesi zaidi. Agiza nyuzi 12 hadi 13.

Kuhusu dawa, usipulize chochote kabla hujajua kiwango cha mabaki kinachokubaliwa na nchi inayopokea. Mahali pake hasa ni shambani wakati wa maua, kwa dawa zenye madini ya shaba, ingawa miembe yetu mingi ni mirefu kiasi kwamba bomba la mgongoni halifiki. Kwa hiyo kupogoa na kuondoa vijiti vikavu kutakufaa zaidi.

Ikiwa unafikiria pia soko la Ulaya, fahamu kwamba tangu 2019 linataka uthibitisho wa hatua dhidi ya nzi wa matunda, na dakika 5 za maji moto hazitoshelezi hilo. Waulize mapema wakaguzi wa mimea wa Wizara ya Kilimo.

Kabla ya shehena ijayo, chuma embe kadhaa kutoka kila shamba unalonunua, ziwekee alama, na uzivundike ghalani mpaka ziive. Shamba ambalo embe zake zitatoka madoa, mzigo wake uza Chake Chake au Unguja, ambako huliwa ndani ya siku chache.